Wawili Wasitoke Mtaa Mmoja

Jumamosi, 2 Machi

Naanza kwa jina la Yule aliyeumba maji kabla hajaumba kiu. Muuguzi wa zahanati ameniagiza niandike kila siku, walau mstari mmoja, ili vidole vyangu visikakamae. Nilimwambia kwamba mkono uliowafundisha watoto herufi kwa umri wote huu hauhitaji kufundishwa tena. Akacheka. "Bibi, mkono haukumbuki fadhila. Andika tu." Basi naandika.

Leo tumemwosha mjane wa mtaa wa juu, Mungu amthibitishe kwa kauli thabiti. Mimi siku hizi sishiki kitu. Nakaa kwenye kigoda pembeni ya ubao, nasoma dua na kuelekeza. Walioosha ni Fundi na Mama Pacha. Fundi ni mshonaji, mke wa mwashi, wa mtaa wa juu. Mama Pacha ni mpishi wa shule, wa mtaa wa chini. Mmoja humimina maji, mwingine hushika na kugeuza, na wamefanya hivyo pamoja tangu walipokuwa mabinti wakinifuata darasani. Juu ya maiti hawatamki neno lisilo la kazi. Wakishamaliza, hawashikiki.

"Shoga, leo umemwaga maji mpaka umeniosha na mimi," Mama Pacha alisema tulipokuwa tukikausha sakafu.

"Nimekupunguzia kazi. Siku yako ikifika nitaanzia magotini."

"Siku yangu ikifika utakuwa umeshatangulia, wewe na cherehani lako bovu."

Niliwakanya, kwa kuwa jeneza lilikuwa bado halijatoka uani. Sikuwakanya kwa moyo wote.

Na kwa kuwa naandika, niiandike pia kanuni hii, ambayo sijapata kuiona imeandikwa popote. Mwalimu wangu aliniachia, naye aliachiwa na wa kwake: wawili wanaoosha wasitoke nyumba moja, wala wasitoke mtaa mmoja. Mwili wa maiti una siri zake, nasi tumeamrishwa kuzisitiri. Siri ikishikwa na watu wa nyumba moja huwa mali ya nyumba hiyo. Ikishikwa na nyumba mbili, kila moja huichunga nyingine, na kwa kuchungana huko huzaliwa haya, na baada ya haya huzaliwa mapenzi. Wanaume hawaijui kanuni hii. Hatukuwaficha; hawakuuliza.

Jumanne, 5 Machi

Mvua. Sikutoka ila kwa swala.

Jumamosi, 9 Machi

Mvua haijapumzika. Mitaa yetu miwili imekaa kwenye mteremko, na msikiti upo kwenye kona, katikati ya wa juu na wa chini. Leo wanaume wa juu, wakiongozwa na mwashi, mume wa Fundi, wamechimba mfereji ili maji yasiingie milangoni mwao.

Ndugu yangu mdogo, ambaye ndiye Mwenyekiti wa kamati ya msikiti, alipita kunijulia hali, suruali ameikunja hadi magotini. Nilimwuliza habari za mkewe, wifi yangu, ambaye amelala kitandani tangu kabla ya mvua. Akasema yu vile vile. Kisha nikamwuliza, "Na hayo maji mmeyapeleka wapi?"

"Yanashuka, dada. Maji kazi yake kushuka."

Nililiona kuwa jibu la mtu mwenye akili, nikamtilia chai.

Ijumaa, 15 Machi

Sisi ni wa Mungu, na kwake tutarejea.

Jana alasiri ukuta wa nyuma wa nyumba ya mama mzazi wa Mama Pacha ulianguka, naye akiwa juu ya mkeka wa swala. Maji ya mfereji mpya yalikuwa yakiulamba ukuta ule tangu siku ulipochimbwa. Tofali za udongo zikawa uji. Walimtoa akiwa ameshakata roho, tasbihi imejiviringa kwenye vidole. Alikuwa mwanamke wa kimya na wa ibada. Sina ushahidi mwingine wa kumtolea mbele ya Mola wake, na huo naamini unatosha.

Asubuhi ya leo nilikwenda kumwosha. Haki ya kwanza ya kumwosha mama ni ya binti yake, na Mama Pacha alikuwa ameshakunja mikono ya nguo, ndoo zimepangwa, kafuri imesagwa. Alikuwa hajalia. "Tumsubiri mwenzangu kidogo, Mwalimu," alisema. Tukasubiri.

Fundi alikuja. Nilisikia sauti yake mlangoni, nikasikia na ya kaka mkubwa wa marehemu huyu, yaani kaka yake Mama Pacha, ambaye ni mchinjaji. Nimekosea, huyo ni mwana wa marehemu. Mkono na akili leo vyote vinatetemeka. Mchinjaji alisimama kizingitini akasema, bila kupaza sauti:

"Maji ya mumeo yameshamwosha mama. Rudi kwako."

 Kisha nikasikia kitu kikiwekwa juu ya benchi la barazani, na ndara zikaondoka kwenye tope. Ilikuwa sanda; Fundi ndiye hukata sanda za mitaa yote miwili.

Mama Pacha alikuwa ameshika kopo, uso ameuelekeza kwenye pazia. Alikaa hivyo kwa muda. Halafu akasema, "Tuanze."

Kwa hiyo nililazimika kushika mimi. Tulipomgeuza upande wa kushoto vidole vyangu vilikosa nguvu, uzito wote ukamwangukia binti, na mkono wa marehemu ukamponyoka ukagonga ubao. Mlio wake ulikuwa mdogo tu. Mama Pacha aliuokota mkono ule, akaulaza kifuani, akaendelea kumimina. 

Usiku unaingia nami nalifikiri lile la mlangoni. Naona mchinjaji hakukosa. Nyumba ya msiba ina heshima yake, na mke wa aliyechimba mfereji alipaswa kujua kwamba siku hiyo si yake.

Jumapili, 17 Machi

Mvua. Nimesoma kurasa chache, macho yamekataa zaidi.

Jumatano, 20 Machi

Kamati imekutana. Ndugu yangu alikuja kunisomea walichoafikiana, miwani yake ikiwa na ukungu wa mvua. Mpaka suala la ukuta litakapopata suluhu, kila mtaa utaosha na kuzika wafu wake kwa watu wake, na mtu wa mtaa mmoja asiingie kwenye josho la maiti la mtaa mwingine.

"Nimefanya hivi watu wasije wakatukanana mbele ya maiti," alisema. "Mchinjaji amekula kiapo, dada. Nawe unamjua, ana visu."

"Mmewauliza waoshaji?"

"Mkuu wa waoshaji si wewe? Ndiyo nimekuja kukuuliza."

"Umekuja kunisomea."

Akavua miwani akaifuta. Nilitaka kumweleza ile kanuni, na kwa nini amri yake inakata kamba ambayo hajui kwamba ipo. Lakini nikaona nitakuwa naipeleka barazani kwa wanaume habari ambayo nguvu yake ni kutopelekwa huko. Na tena, huyu ni ndugu yangu, ana elimu, ana nia safi. Na kutii ni jambo jema kuliko kubishana. Nikanyamaza.

Jumatatu, 25 Machi

Watoto wa mtaa wa chini wamefika darasani wamelowa hadi kiunoni, na wengine hawakufika kabisa.

Zamani Mama Pacha alikuwa akitoka alfajiri kwenda kuwasha moto wa shule, akiwaacha pacha wake kwa Fundi. Wanakunywa chai huko, kisha Fundi anawaongoza pamoja na wanawe hadi kwangu, na njiani kila mlango unatoa mtoto unamuunganisha kwenye msafara. Nilikuwa nikiwaona wanavyokuja, kama bata nyuma ya mama yao, nikidhani ndivyo watoto wanavyokuja. Sasa pacha wanabaki nyumbani wamefungiwa, msafara hauna kichwa, na mfereji hauna wa kuwavusha.

Nilimwuliza ndugu yangu ni nani aliyepangwa kuwavusha. Akasema hilo si jukumu la kamati. Ni kweli. Halikupata kuwa jukumu la mtu, ila lilikuwa likifanyika.

Na si hilo tu. Bomba la chini limekatika, na wanawake wa chini, waliokuwa wakichota uani kwa Fundi kama wanachota kwao, sasa wanakinga maji ya mvua kwenye mabati. Mgonjwa wa kifua aliyeko nyuma ya msikiti hakuogeshwa wiki nzima, kwani waliokuwa wakipanga zamu za kumtazama ni Mama Pacha kwa juu na Fundi kwa chini, kila mmoja akimtuma wa upande wa mwenziwe. Posa ya kijana wa juu kwa binti wa chini imerudishwa. Nimekaa na mambo haya kama mtu aliyevuta uzi mmoja kwenye sweta, akaona mkono mzima unafumuka.

Jumanne, 26 Machi

Mvua na upepo. Paa la jikoni linavuja, nimetega sufuria.

Jumamosi, 30 Machi

Leo nimeona kwa macho yangu kile ambacho Mwalimu wangu alikuwa akikiogopa.

Wiki hii homa ilimchukua mke kijana wa mtaa wa chini. Kwa amri ya kamati, walimwosha mabinti wawili ndugu, wa tumbo moja na nyumba moja, wanafunzi wangu wote. Mimi niliketi pale pale, nikawasomea. Kazi waliifanya vizuri. Lakini haikupita siku ya pili, kwenye foleni ya muuza maziwa, watu wakaanza kusema kwamba marehemu alikuwa na kovu la moto pajani, na kwamba kovu la mahali pale halitokani na jiko. Adhuhuri kaka zake walifika kwa mumewe na marungu.

Nilikwenda kwa mkongojo wangu nikakaa kizingitini kwa yule mume. Kaka mtu aliniambia, "Bibi, tupishe. Hatutaki kukukosea adabu."

"Basi msinikosee. Mimi nimeuona mwili ule, na nilimjua dada yenu tangu hajaota meno. Kovu lile lina umri mkubwa kuliko ndoa yake. Zaidi ya hapo sisemi, na hata hili nimelisema kwa kulazimishwa."

Waliondoka. Asili ya kovu naijua, wala siiandiki.

Nikawaita wale ndugu wawili. Walilia. Mkubwa wao alisema, "Hatukusema kwa ubaya, Mwalimu. Hatukusema hata nje. Tulikuwa tunazungumza sisi kwa sisi, nyumbani, tunapepeta mchele. Mama akasikia, basi."

Namwamini. Hapakuwa na mtu wa nyumba nyingine wa kumwonea haya. Mwalimu wangu hakusoma vitabu vingi, lakini aliufahamu ulimi, na aliujua mji. Nilidhani amenirithisha adabu ya josho. Naona sasa alinirithisha namna ya kuishi watu wengi mahali pamoja wasiuane.

Alhamisi, 4 Aprili

Nimekwenda shuleni kumwona Mama Pacha. Nilimkuta jikoni akikoroga sufuria kubwa kwa mwiko mrefu, kitambaa amekifunga hadi kwenye nyusi.

"Kaa upande huu, Mwalimu, huko utakula moshi."

Nilikaa. Nilimweleza habari ya wale ndugu wawili, akatikisa kichwa. Nikamweleza kwamba kusamehe ni kwa aliyedhulumiwa, wala si kwa kaka yake. Nikamwambia mwenzake amekonda.

"Amekonda na nini? Ana mume, ana watoto, ukuta wake umesimama."

"Mumewe hakukusudia, mwanangu. Hata maji hayakukusudia."

Akaacha kukoroga. "Kwani mimi nimesema habari ya maji?"

  Aliniwekea chakula kwenye bakuli, akanifunikia, akanisindikiza hadi getini akiwa amenishika kiwiko. Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa; lakini mimi nimerudi nyumbani nisijue hata kovu lenyewe liko wapi.

Jumapili, 7 Aprili

Kwa Fundi. Cherehani limefunikwa shuka. Sare za wanafunzi zimelala kwenye kikapu hazijashonwa.

"Nilifukuzwa, Mwalimu," alisema. "Ningefanya nini? Nipigane na mwanaume mlangoni pa msiba?"

"Ulifanya la adabu."

"Ndivyo ninavyojiambia. Nafanya la adabu, nakaa nalo, nakunywa nalo chai." Akavuta uzi uliokuwa kwenye kanga yake, akauzungusha kidoleni mpaka kidole kikawa cheupe. "Mume wangu halali. Anasema anasikia tofali. Mimi sisikii tofali. Mimi nasikia yule hanisemeshi."

Nilisema maneno ya subira. Yote yalikuwa maneno ya kweli, na hakuna hata moja lililomfaa.

Alhamisi, 11 Aprili

Wifi yangu anazidiwa. Ameniita leo, akamtoa mumewe chumbani kwa kumtuma maji ya moto, ambayo hakuyahitaji.

"Wifi, wanasema mwosha huoshwa," aliniambia. Pumzi yake ilikuwa inapanda ngazi. "Mimi maisha yangu yote sikuosha hata mmoja. Nilikuwa naogopa. Sasa sijui kama nitapata wa kuniosha."

"Utapata. Na bado hujafa."

"Mimi mzito. Nitazame. Watu wa mtaa mmoja hawanitoshi." Alicheka, kikamkaba kikohozi. Kilipotulia akanishika mkono. "Niletee wale wawili. Yule wa juu na yule wa chini. Nimewasikia dirishani hapa wakipita na utani wao tangu wasichana. Ndio nitakaowajua mikono hata nikiwa sioni."

"Kuna amri ya mumeo."

"Amri za mume wangu nazijua, nimelala nazo kitanda kimoja. Ameniamuru nipone tangu mwezi juzi. Unaona nimetii?"

Mimi sikucheka. Nilimwahidi. Ahadi kwa anayeondoka ni deni ambalo mdai wake atakungoja mahali usipoweza kupakwepa. Nami sijui nitailipaje: nikiwaita kwa siri nimemuasi ndugu yangu na kuwafanya wale wawili washiriki wa uasi, nisipowaita, nimemdanganya mtu akiwa kwenye kizingiti cha Mola wake. Na hata nikiwaita, nani kasema watakuja, au wakija, watakaa chumba kimoja?

Jumamosi, 13 Aprili

Mvua. Nimeshinda kwa wifi. Hakuongea.

Jumanne, 16 Aprili

Alikunywa uji vijiko vitatu. Ndugu yangu alimlisha.

Ijumaa, 19 Aprili

Wifi yangu amefariki leo alfajiri, baada ya adhana na kabla ya nuru. Mungu ampanulie kaburi lake.

Palipokucha nilituma ujumbe kwa watu wawili, kwa maneno yale yale: "Mke wa Mwenyekiti ameaga. Kuna kazi." Sikumtajia yeyote jina la mwenziwe. Nilikaa na ubao mtupu na ndoo, nikaomba.

Uani walikuwa wameshatandika maturubai mawili. Wanaume wa juu, mwashi akiwamo, walikaa chini ya moja. Wa chini na mchinjaji wao chini ya jingine. Kati yao mvua ilikuwa ikinyesha peke yake. Wanawake walikuwa wakiingia kwa mlango wa jikoni, wamejifunika hadi machoni, nani ajue nani ni nani.

Fundi aliingia kwanza. Aliweka sanda, akakunja mikono ya nguo, akaanza kupima joto la maji kwa kiwiko. Kisha pazia likafunguka akaingia Mama Pacha. Alimwona. Akasimama, mkono bado uko kwenye pazia.

"Kuna kazi," nikasema. 

Akaja kwenye ubao.

Walianza bila kutazamana. Kwa muda mrefu palisikika maji tu. Lakini kazi hii haifanyiki kwa bubu wawili. Mmiminaji lazima aambiwe, na mgeuzaji lazima ajibiwe.

"Maji," Mama Pacha akasema.

"Haya."

"Basi. Kichwa."

"Nimeshika."

Hayo ndiyo maneno yao ya kwanza tangu ukuta ulipoanguka. Tulipofika kumgeuza upande wa kushoto, wifi yangu alikuwa mzito kama alivyotuonya, na nikaona Mama Pacha anakishika kiwiko, anakiachia. Fundi aliweka kopo chini, akazunguka ubao, akaupokea mkono wa marehemu kwa viganja vyote viwili, akaulaza kifuani.

Mama Pacha hakuinua uso. Alisema polepole, kama anayemwambia marehemu:

"Wa mama uliniponyoka. Uligonga ubao. Nausikia mpaka leo."

"Shoga—"

"Ulikuwa mlangoni. Nilikusikia. Nikasema sasa hivi ataingia. Nikamsubiri mtu, nimeshika kopo kama mjinga. Wewe ukaweka sanda ukaenda zako."

"Kaka yako alinifukuza."

"Kaka yangu ni wa mlango wa mbele. Tangu lini wewe ukaingia kwetu kwa mlango wa mbele?"

 Machozi yalimshuka Fundi, akageuza uso yasije yakadondokea mwili uliokuwa ukitoharishwa. Wajibu wangu ulikuwa kuwanyamazisha. Nimewakanya watu kwa madogo kuliko hayo. Lakini nilikuwa nimeshikwa na fahamu mpya: kwamba wanaume wa mitaa miwili, na kamati yao, na mimi pamoja nao na vitabu vyangu, tumekuwa tukibishana mwezi mzima kuhusu maji na ukuta, na jeraha lilikuwa mlango wa jikoni.

"Nilidhani hutaki kuniona," Fundi akasema.

"Sikutaka kukuona. Nilitaka mikono yako."

Ndipo tukasikia ndara nje ya pazia. Ni ndugu yangu.

"Dada. Nani wamo humo?"

"Wanawake," nikajibu.

"Wa mtaa gani?"

"Waliokuja kumwosha mkeo."

 Niliona vidole vya miguu yake chini ya pazia, vimekunjamana kwa maji. Sikuwahi kumuasi tangu mama yetu aliponikabidhi nimlee. Alipozungumza tena sauti haikuwa ya Mwenyekiti.

"Ana kidonda mgongoni. Cha kulala. Waambie wamgeuze taratibu."

"Tumesikia, Mzee," akasema Mama Pacha.

"Tunamgeuza taratibu," akasema Fundi.

Sauti zile mbili anazijua kila mtu wa mteremko huu. Vile vidole vya miguu havikusogea. Kisha ndara zikageuka, zikaenda, nikamsikia akiwaambia watu uani wasogeze maturubai yagusane, kwani wageni wanalowa.

Ndani kazi iliendelea.

"Habari ya ukuta bado," Mama Pacha akasema.

"Bado ipo."

"Haijaisha."

"Haijaisha, shoga."

"Haya. Shika bega."

Jumamosi, 20 Aprili

Ndugu yangu alikuja baada ya alasiri. Alikaa mahali alipokuwa akikaa mkewe anaponitembelea, akatazama mikono yake.

"Kamati inakutana kesho," alisema hatimaye. "Watu wameona wanawake wa mitaa yote wametoka jikoni kwangu. Niwaambie nini? Niifute ile amri?"

"Ukiifuta itabidi ueleze. Na ukieleza, mchinjaji atalazimika kujibu."

"Basi nifanye nini, dada?"

"Wapangie nani auzibe ule mfereji, na nani ausimamishe ukuta wa watu. Mwashi anangoja kuambiwa. Ana aibu ya kujitokeza mwenyewe. Mchinjaji naye anangoja kuombwa radhi na mwanaume mwenzake, si na mke wa mtu. Hiyo ndiyo kazi yenu, nanyi hamjaigusa. Josho tuachieni."

Alifikiri. "Kuna jambo ambalo mnalijua nyinyi ambalo sisi hatulijui."

"Yapo mengi."

"Hutaniambia."

"Mkeo hakukuambia, na mliishi naye umri wote. Mimi nianzie wapi?"

Kwa mara ya kwanza tangu jana alitabasamu, kisha uso ukamvunjika akalia, nami nikamwacha alie. Nilikuwa nikimhesabu kuwa nguzo ya mahali hapa. Leo nimemwona kuwa mpangaji kama sisi wengine, katika nyumba iliyojengwa na watu ambao hawakutia saini popote.

Jumatano, 24 Aprili

Mwashi na vijana wa mitaa yote miwili wapo nyuma ya ile nyumba, wanafyatua tofali. Mchinjaji anasimama anawatazama. Watoto wamefika darasani wakavu, na pacha wamenichekesha.

Jumatatu, 29 Aprili

Jua limetoka. Asubuhi hii amefariki mama yake muuza maziwa, wa mtaa wa chini. Nimewapeleka wawili. Hakuna aliyeuliza wametoka wapi.